Babu Hakimbii Tena

Penalti ile Babu aliipaisha. Mpira ulipita juu ya mtambaa panya, ukapita juu ya wavu, ukaenda kuangukia kwa mashabiki wa wenyeji, nao wakaupokea kwa vifijo kama waliotumiwa zawadi. Baridi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kunyolea mbele ya runinga ya Kinyozi. Timu yake, Bluu, ilikuwa ugenini, imeshafungwa mawili, tena na timu iliyokuwa ikiburuta mkia tangu ligi ianze. Kabla ya filimbi ya mwisho wakapachikwa la tatu. Kinyozi akazima runinga, akachukua ufagio, akaanza kufagia nywele ambazo alikuwa ameshazifagia.

"Tusionane leo," akasema. "Kila mtu aende akaumwe kwake."

Hapa inabidi majina yawekwe sawa, maana balaa lote lilianzia kwenye majina. Huyo Babu aliyekosa penalti hakuwa babu wa mtu. Alikuwa mshambuliaji wa Bluu mwenye miaka thelathini na sita, umri ambao mtaani bado unaitwa kijana lakini uwanjani ni mzee wa kupishwa kiti. Mashabiki walimbatiza jina hilo kwa mapenzi, wakati akifunga, wakaendelea nalo kwa kejeli alipoacha kufunga. Naye Baridi hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alikuwa fundi wa friji, basi mtaa ukamwita Baridi kwa sababu ya kazi, si kwa sababu ya tabia. Kwa tabia alikuwa anachemka haraka kuliko birika, na kama birika, alichemka kwa kelele.

Kisha kulikuwa na Babu wa pili. Huyu alikuwa babu wa kweli, baba mzazi wa mke wa Baridi, na alikuwa akiishi kwao tangu alipoteleza kwenye sakafu yenye maji akavunjika nyonga. Nyumbani kwake palikuwa na ngazi za kupanda mlangoni na hapakuwa na mtu, kwa kuwa mkewe alikwisha kufariki na mtoto alikuwa naye huyo mmoja tu. Binti mdogo wa Baridi alimwita Babu, na nyumba nzima ikafuata mtoto, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi. Hata Baridi alimwita Babu. Ilikuwa rahisi hivyo. Kumwita Baba kungehitaji moyo zaidi, na moyo huo hakuwa ameupata.

Chumba alichopewa mzee kilikuwa cha Baridi. Hakikuwa chake kwa maandishi, lakini ndimo ilimokuwa runinga, ndimo kilimokuwa kiti kilichoshika umbo la makalio yake, na ndimo alimokuwa akitukana marefa kwa uhuru. Mzee alipokuja, kiti kikasogezwa ukutani, runinga ikapelekwa juu ya kabati la chumba cha kulala, ambako haikushika chaneli ya mpira hata uipige makofi. Ndiyo maana Baridi akawa mtu wa kwa Kinyozi. Hakulalamika. Mkewe alikuwa amemwambia mapema, kwa upole kabisa, upole ule wa kutisha: "Baba yangu hana mahali pengine. Siku akitoka humu kwa kunung'unikiwa, na mimi nyuma yake." Baridi alimpenda mkewe, na alijua kwamba huwa hatishii, hutoa taarifa.

Basi jioni ile ya kipigo alifika nyumbani akiwa amevimba. Mke alikuwa jikoni na mtoto. Hakuingia. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, mahali pekee ambapo simu ilishika mtandao vizuri, na kabla hajatulia Kinyozi akapiga. Yule aliyesema wasionane alikuwa ameshindwa kukaa na uchungu peke yake.

"Umeiona ile penalti?" Kinyozi akauliza, kama vile hawakuikodolea macho pamoja.

Hapo birika likachemka.

"Babu hawezi kukimbia tena!" Baridi alipaza sauti. "Hawezi! Amekwisha yule! Anasimama tu pale katikati, anasubiri aletewe. Kila kitu aletewe, aletewe, kwani yeye nani? Na akiletewa mpaka miguuni anamwaga! Miezi mitano hajafanya kitu chochote cha maana. Wamwambie ukweli. Wamrudishe kwao akapumzike, nafasi wapewe wenye nguvu!"

"Waambie, ndugu yangu!" Kinyozi alichochea.

"Tunambeba mpaka lini?" Baridi akasema, kisha akashusha sauti. "Nimechoka naye. Yupo tu. Anachukua nafasi, na hakuna anayethubutu kusema kwa sababu ya heshima."

"Umesemaje? Sikusikia."

Akarudia, vilevile kwa sauti ya chini. Kinyozi akakubali kwamba ni kweli, heshima ndiyo inayoiua timu, wakaagana.

Baridi aligeuka kurudi ndani, na ndipo alipoona dirisha. Lilikuwa juu ya tangi, limefunguliwa kiasi cha kupitisha mkono, na pazia lilikuwa likicheza taratibu ingawa hapakuwa na upepo. Lilikuwa dirisha la mzee. Tena redio haikuwa ikisikika. Redio ile ya mzee ilianza kunong'ona alfajiri na kunyamaza wakati wa kulala, na Baridi alikuwa ameizoea hadi akasahau kwamba ipo. Sasa ilikuwa kimya, na katika kimya kile akayasikia upya maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Hawezi kukimbia tena. Anasubiri aletewe. Anamwaga. Miezi mitano. Wamrudishe kwao.

Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja miezi tangu mzee ahamie. Vidole vikaisha vyote.

Wakati wa chakula alimchungulia mzee kwa jicho la pembeni. Babu alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyetumia maisha yake kwenye kiwanda cha nguo kama fundi mitambo, na hakuwa msemaji sana hata siku njema. Alikula nusu, akasukuma sahani.

"Babu, mbona hujamaliza?" mtoto akauliza.

"Nimeshiba, mama. Chakula cha watu kinashibisha haraka."

Chakula cha watu! Baridi alipaliwa na maji. Mkewe akampiga mgongoni huku anacheka, akamwambia apunguze mawazo ya mpira. Kisha mzee akanyanyua kikombe cha chai kwa mikono miwili, kwa uangalifu ambao Baridi hakuwahi kuuona, akakirudisha mezani bila kumwaga hata tone.

"Mwanangu," Babu akamwambia binti yake, "lile begi langu la kahawia mliliweka wapi?"

"La nini tena, Baba?"

"Kuna sweta humo."

Joto la siku hizo lilikuwa la kuwafanya watu walale sakafuni. Friji tatu zilikuwa zimeletwa kwa Baridi wiki hiyo moja kwa sababu zimeshindwa kulimudu. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekuwa akitafuta sweta. Lakini mke akasema litakuwa juu ya kabati, na aliyeinuka kwenda kulishusha, kwa sababu ndiye mrefu mwenye miguu mizima, alikuwa Baridi mwenyewe. Alilibeba begi lile, lenye sweta moja tu, hadi chumbani kwa mkwe wake kwa mikono yake miwili, na kwake halikuwa jepesi.

"Ahsante," Babu akasema. "Weka hapo mlangoni."

Usiku Baridi hakulala vizuri. Kesho yake alifungua karakana mapema ingawa ilikuwa Jumapili, akainama nyuma ya friji ya mama mmoja mwenye duka, akakata bomba la shaba mahali ambapo hata mwanagenzi asingekata. Gesi ikatoka yote kwa mluzi. Kinyozi aliingia wakati huo huo na magazeti ya michezo kwapani, akamkuta rafiki yake ameketi sakafuni anaitazama kompresa kama anayesubiri imshauri.

Baridi akamweleza. Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukapitia rangi zote.

"Kwa hiyo mkwe wako anadhani unamsema yeye."

"Sijui! Hilo ndilo linaloniua. Labda alisikia, labda alikuwa amelala."

"Mwambie basi ulikuwa unamsema mchezaji."

"Na kama hakusikia? Niende nimwambie, Babu, jana nilisema Babu hawezi kukimbia na arudishwe kwao, lakini si wewe? Nitakuwa nimempelekea habari mwenyewe, na maelezo juu."

Kinyozi alikuna kidevu. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki, mtu wa mikakati, ingawa mikakati yake mingi ilikuwa imeishia polisi. Akasema dawa ipo, tena rahisi. Jioni angekuja kumjulia hali mzee, wangekaa chumbani kwake wazungumze mpira, na katika mazungumzo wangemtaja huyo mshambuliaji kwa jina lake la Babu mara nyingi iwezekanavyo. Kama mzee alisikia, angeelewa mwenyewe kwamba Babu wako wawili. Kama hakusikia, hakuna kilichoharibika. Baridi aliona ni wazo zuri, na hilo peke yake linaonyesha alikuwa kwenye hali gani.

Jioni wakaketi wote watatu. Begi la kahawia lilikuwa mlangoni, na sasa lilikuwa limetuna.

"Shikamoo, mzee wangu," Kinyozi akaanza.

"Marahaba. Naona leo umefunga duka."

"Tuna msiba, mzee. Babu ametuangusha. Babu yule mchezaji, mshambuliaji wetu. Wachezaji wana majina ya ajabu, huyu wetu anaitwa Babu. Eti Babu! Sasa tukisema Babu, huwa ni yeye. Si mtu mwingine. Babu mchezaji."

Baridi alitamani sakafu ipasuke immeze. Mzee alimtazama Kinyozi kwa makini, kama alivyokuwa akitazama mashine inayotoa mlio usioeleweka.

"Ana miaka mingapi huyo Babu wenu?"

"Thelathini na sita."

"Msimu uliopita nani aliwafungia mabao mengi?"

Kinyozi akamtazama Baridi. Baridi akatazama viatu vyake. "Ni yeye," akasema.

"Alipokuwa anafunga mlimwitaje?"

"Babu."

"Hm," mzee akasema, akanyoosha mguu wake mbaya kwa mikono. "Na sasa mnataka afanyweje?"

Lilikuwa swali la mtego, na mtu yeyote mwenye akili angesema Babu apewe muda, aheshimiwe, kila mtu hukosa. Lakini Kinyozi alikuwa shabiki, na jeraha lilikuwa bichi. Akasahau kilichomleta.

"Aondoke!" akasema, akapiga goti lake. "Mzee, tusidanganyane, yule amechoka. Anakula bure. Kazi yake kusimama na kulalamika. Mimi ningekuwa kiongozi ningempakia kwenye gari kesho asubuhi na mizigo yake!"

Kimya kilichofuata hata mtoto aliyekuwa akicheza ukumbini alikisikia, akachungulia. Kinyozi alifunga mdomo polepole. Akakumbuka ghafla kwamba kuna mteja anamsubiri, Jumapili ile jioni, dukani alikokuwa amefunga, akaaga akaondoka huku akijikwaa kwenye begi.

"Rafiki yako ana uchungu na timu," Babu akasema.

"Ana uchungu sana," Baridi akajibu.

Siku iliyofuata mke alikwenda kazini zahanati, ambako alikuwa mkunga, na mtoto akaenda shule. Baridi alikwenda karakana, akafungua kisanduku cha vifaa, akakuta geji ya kupimia gesi ameisahau nyumbani. Zamani angeazima kwa jirani. Leo aliishukuru geji kimoyomoyo, akarudi, maana moyo ulikuwa haujatulia tangu asubuhi. Alipokata kona akaona gari jeupe la kukodi limesimama mbele ya mlango wake, dereva ameegemea boneti anachokoa meno.

"Unamsubiri nani?"

"Mzee fulani. Amenipigia simu. Amesema anahitaji msaada kidogo wa kumfikisha garini, nyonga inamsumbua."

Baridi hakujua alivukaje kizingiti. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa shati lake jeupe la kutokea, fimbo katikati ya magoti, begi miguuni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka zimekunjwa pembeni kama za mgeni anayejua adabu. Redio alikuwa ameizungushia waya wake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwangu."

"Kwako kuna ngazi! Utazipandaje? Nani atakuchotea maji?" Akilini Baridi alimwona mkewe anarudi kutoka kazini, anakuta kitanda hicho, anakwenda kabatini kuchukua nguo zake na za mtoto bila kupiga kelele. Alimwona mzee ameanguka mbele ya mlango wake mwenyewe, na hapana wa kumwinua. Yote mawili aliyaona kwa pamoja. "Sikiliza. Tafadhali sikiliza. Juzi, kule nyuma, kama ulisikia kitu, nilikuwa namsema mchezaji. Naapa. Anaitwa Babu. Alikosa penalti."

"Najua."

"Unajua?"

"Dakika ya sabini na moja. Aliipiga juu." Mzee akaigonga redio kwa kidole. "Walikuwa wanatangaza. Niliposikia anakwenda kuipiga yeye, na miguu yenyewe ile, nikasema huyu atakosa. Alipokosa nikazima. Mimi pia ni Bluu, ila hujawahi kuniuliza."

Baridi alikaa kwenye kile kiti chake cha zamani, kilichosukumwa ukutani. Kumbe alijua! Siku mbili za kukata mabomba ya watu, kumbe mzee alijua tangu mwanzo! Nafuu ilianza kumpanda kifuani, akataka hata kucheka.

"Sasa kama unajua, begi la nini?"

Mzee akaiegemeza fimbo kitandani.

"Kiwandani kulikuwa na kelele," akasema. "Mashine mia zinapiga kwa pamoja. Sisi tulikuwa tunapigiana kelele siku nzima, salamu kelele, matusi kelele, na hakuna aliyechukia, kwa sababu kelele ni ya mashine. Lakini mwenzako akikuvuta pembeni akashusha sauti, ujue hilo ndilo jambo lenyewe." Akamtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza. "Uliposema hawezi kukimbia, ulipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Huyo alikuwa mchezaji. Uliposema umechoka naye, yupo tu, ulishusha sauti. Mchezaji yuko ugenini huko, mwanangu. Ulikuwa unamficha nani asisikie?"

Baridi alitaka kukataa. Alirudi kwa mawazo hadi kwenye tangi la maji, akajiona ameshika simu, akaisikia sauti yake ikishuka, na akajua. Hakuwa amepanga, wala hakuwa amejiambia. Lakini pale kwenye maneno yale alikuwa ameacha kumwona mshambuliaji, akaliona dirisha hili, na kiti hiki, na ile runinga juu ya kabati. Ulimi hauna mfupa, lakini masikio ya wenzetu yana mizani.

Nje dereva akapiga honi.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Babu akasema, bila hasira. "Mimi nina miezi mitano na jembe sijapewa. Nikitaka kuosha kikombe, naambiwa pumzika. Nikitaka kuja karakana kukaa, naambiwa jua kali. Hapa nacheza ugenini, sijui hata nikimbie upande gani. Nisaidie kufika garini."

Ingekuwa rahisi kuapa tena. Kiapo kilikuwa kimeshafika mdomoni. Baridi akakimeza.

"Ni kweli, Baba," akasema, na neno hilo lilimtoka lenyewe. "Nilikusema. Mwanzo nilimsema yeye, mwisho nilikusema wewe. Nimechoka. Nimekikumbuka chumba changu. Nakuona umekaa, najua huna kosa, na bado nachoka, halafu najichukia. Hiyo ndiyo kweli yenyewe." Machozi yalimjaa, akayaacha. "Lakini sitaki uende. Hata hilo ni kweli, na silisemi kwa kumwogopa mwanao, ingawa namwogopa sana. Nimelala siku mbili nikisikiliza kama unafunga begi. Mtu anayetaka uende asingekosa usingizi."

Mzee alipapasa kichwa cha fimbo, akatazama begi, akatazama dirisha. Honi ikalia tena, ndefu.

"Kamwambie yule kijana aache kelele," hatimaye akasema. "Nitabaki. Lakini hilo begi halifunguliwi. Litakaa hapo hapo mlangoni. Siku sauti ikishuka tena, sitahitaji kumsumbua mtu kunishushia kutoka juu ya kabati."

Jioni Baridi alimweleza mkewe yote, mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Mke alimsikiliza amesimama, kisha akaenda kukaa chumbani kwa baba yake kwa muda mrefu. Hakuondoka. Ila kwa siku hiyo na iliyofuata alimpa mumewe chakula bila neno, na sahani iliwekwa mezani kwa kishindo kilichomaliza mazungumzo yote. Asubuhi mzee alikwenda karakana na Baridi, akakalishwa kivulini na beseni la mipira ya milango ya friji, akaisafisha mmoja mmoja kwa maji ya sabuni. Alikuwa mwepesi wa mikono. Pia alikuwa mkosoaji, na kabla ya adhuhuri alishamwambia Baridi kwamba bomba lile alilikata kijinga.

Na kila aliporudi nyumbani, hata kama ni kutoka dukani hapo jirani, kitu cha kwanza ambacho Baridi alitazama kilikuwa begi. Lilikuwepo. Limetuna vilevile, zipu imefungwa hadi mwisho. Aliliona hata akifumba macho.

Jumatano Bluu walikuwa nyumbani. Baridi alikuwa ameirudisha runinga mahali pake pa zamani, akasogeza kiti chake kando ya kitanda. Mke alikuja akaketi miguuni pa baba yake, bado hajamsemesha mumewe, lakini alikuja. Babu mchezaji alianzia benchi. Kipindi cha pili, Bluu wakiwa nyuma kwa bao moja, kocha akamwingiza, na uwanja mzima ukaguna.

Mpira wa kwanza ukampita. Wa pili akaletewa hadi mguuni, akautazama kidogo kuliko inavyotakiwa, akanyang'anywa. Baridi alikamata mikono ya kiti. Maneno yalikuwa yamepanda hadi kooni, yale yale, kwa mpangilio ule ule, na aliyafunga kwa meno. Mara ya tatu mshambuliaji yule alibaki yeye na golikipa, akaanza kukimbia, na mabeki wakamfikia kama vile hakuwa ameanza. Baridi alifungua kinywa. Akatazama begi. Akafunga kinywa.

"Sema," Babu akasema, macho yake kwenye runinga.

"Sina la kusema, Baba."

"Unalo. Limekuvimbisha shingo. Sema."

"Anatuchosha," Baridi akanong'ona.

"Umesemaje? Sikusikia."

Mkewe aligeuka akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu juzi. Mtoto akaacha kuchora. Baridi alihisi jasho likimtiririka mgongoni, akavuta pumzi hadi mwisho.

"Anatuchosha!" akapaza sauti, na madirisha yote yalikuwa wazi. "Babu anatuchosha!"

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, akaunyoosha mguu wake mbaya, akauegemeza juu ya mkono wa kiti cha mkwe wake.

"Hapo nimesikia," akasema. "Ni kweli, anachosha. Sasa mwache acheze."